Ukipotea Porini: Niliyojifunza kwa Mama Aliyekwenda Kuchimba Ming'oko

Mara ya mwisho niliahidi kwamba makala inayofuata itahusu ubwiri unga kwenye mikorosho, na najua wapo wanaoisubiri huku salfa iko ndani. Itakuja. Leo naomba tuongelee jambo lililotusumbua hapa kwetu kiangazi hiki, kwa sababu linaweza kumpata yeyote kati yetu kesho asubuhi akiamka kwenda porini.

Usiku mmoja tuliitwa kwa yowe. Mama mmoja wa kitongoji cha jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameondoka asubuhi na wenzake wawili kwenda kuchimba ming'oko. Wenzake walirudi jioni, yeye hakurudi. Walisema walikuwa pamoja, kisha kila mmoja akafuata mashina yake, wakawa wanaitana. Aliitika mara mbili, mara ya tatu kimya. Vijana waliingia na tochi mpaka saa saba usiku, hakuna kitu. Siku ya pili tukaenda watu zaidi ya arobaini, mimi nikiwemo, na jioni tukarudi kimya kimya kila mtu akimwogopa mwenzake kwa mawazo aliyonayo. Kuna waliokuwa wameanza kuulizana habari za sanda.

Siku ya tatu asubuhi vijana wawili wakaona kitu chekundu kikipepea juu ya mti kwenye kona ya korongo kavu. Ilikuwa kanga. Chini yake alikuwa mama amekaa kivulini, midomo imepasuka, miguu imejaa miiba, lakini yu mzima, anaongea, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama mbuzi wake wamefungwa.

Nilikwenda kumpa pole baada ya siku chache. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza: mama, ulifanyaje? Akacheka. "Sikufanya kitu, mwanangu. Nilikaa."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu mimi nina kisa changu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Miaka michache nyuma, mwishoni mwa Oktoba, nilikwenda kuangalia shamba jipya la ufuta mbali na barabara. Wakati wa kurudi pikipiki ilikata mnyororo. Nikaiacha kwenye njia, nikaamua kupita njia ya mkato kwa miguu. Nilikuwa na chupa ndogo ya maji, simu yenye chaji kidogo, na hakuna mtu niliyemwambia naelekea wapi. Saa saba mchana, jua la Oktoba! Nilipoona njia imepotea sikusimama, nikaongeza mwendo. Nilipita kwenye kichuguu kimoja chenye mti uliovunjika, na baada ya saa nzima nikapita kwenye kichuguu hicho hicho. Nikaingiwa na hofu, nikaanza karibu kukimbia. Maji nilikuwa nimeyamaliza zamani. Nililala nimeegemea mti bila moto, kwa kuwa sivuti sigara na kiberiti sikuwa nacho. Asubuhi nikasikia kengele ya ng'ombe, nikaifuata, nikamkuta kijana mfugaji aliyenipa maji kwenye kidumu chake. Nilikuwa sina hata nguvu ya kusema asante. Kwenye ramani ya simu nilikuja kuona kwamba muda wote ule sikuwa mbali na barabara hata mwendo wa saa moja na nusu.

Kwa hiyo bwana shamba mwenye diploma nusura afe karibu na barabara kwa usiku mmoja, na mama mwenye jembe alikaa siku mbili na usiku wake akarudi kuuliza mbuzi. Haya ninayoandika mengi nimeyatoa kwake, mengine kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza niliyohudhuria, na mengine kwa wazee warina asali.

Kwanza kabisa, simama

Mtu akigundua amepotea, mwili wake unamwambia atembee. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Porini kwetu, kwenye miti ya miombo, kila upande unafanana na mwingine, na binadamu asiyeona alama ya mbali hatembei mstari ulionyooka, anazunguka bila kujua. Tena kila hatua unayopiga unawaongezea kazi wanaokutafuta, kwa sababu wao wanaanzia pale ulipoonekana mara ya mwisho.

Mama aliniambia alipoita mara ya tatu na kutosikia jibu, aliweka kapu chini akakaa. Akasikiliza. Akaangalia jua liko wapi na kivuli chake kinaelekea wapi. Akajaribu kurudi kwa nyayo zake mwenyewe na kwa mashimo aliyochimba, shimo kwa shimo, mpaka alipofika pasipo shimo. Pale akavunja tawi akaliacha linaning'inia. Kila aliposogea kidogo kutafuta alivunja tawi lingine, ili aweze kurudi pale pale. Jua liliposhuka akaacha kutafuta kabisa. "Usiku si wa kutembea," aliniambia, kama anamfundisha mtoto mdogo.

Wataalamu wa uokoaji wana kanuni ya makadirio wanayoipenda: bila hewa mtu anakwenda dakika 3, bila maji siku 3, bila chakula wiki 3. Ni makadirio tu. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba, ukitembea juani bila maji hizo siku 3 huzifikii. Lakini mpangilio wake ni wa kweli, na sisi tunaukosea: mtu akipotea anaanza kuhangaikia chakula, wakati chakula ndicho cha mwisho.

Maji, na hapa nitakaa kidogo

Mwaka wetu una mvua moja, inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kuanzia Agosti makorongo mengi ni mchanga mtupu. Mchanga huo usiudharau. Nenda kwenye kona ya korongo, upande wa nje wa kona, pale maji ya masika yalipokuwa yakigonga ukingo na kuchimba kina kirefu. Tafuta sehemu ambayo mchanga ni wa giza kidogo au una ubaridi ukiushika, au ambapo mkuyu na matete bado ni ya kijani wakati miti mingine imepukutisha. Chimba. Ukifika kimo cha mkono bila unyevu, hamia sehemu nyingine kuliko kujimaliza. Ukikuta unyevu, acha shimo lipumzike, maji yatajikusanya taratibu. Mama alichimba kwa jembe lake la ming'oko na kupata maji ya tope, kikombe kwa kikombe, kutwa nzima. Aliyachuja kwa pindo la kanga lililokunjwa mara nne.

Angalia pia njiwa. Wanakula mbegu kavu, hivyo wanahitaji maji kila siku, na jioni huruka moja kwa moja kwenda kunywa. Nyuki wakiwa wengi sehemu moja, maji hayako mbali. Mbuyu mzee mara nyingine una shimo lililohifadhi maji ya mvua, wazee wanalijua hilo. Na alfajiri kukiwa na umande, funga kitambaa mguuni, pita kwenye majani, ukamue.

Kuchuja kwa kanga kunaondoa takataka, hakuui vijidudu. Ukiwa na moto na sufuria au kopo, chemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1 nzima. Ukiwa na chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, jaza maji yaliyotulia yasiyo na tope, ilaze juani saa 6, na kukiwa na mawingu iache siku 2. Vidonge vya kutibu maji vinauzwa madukani, vinaingia hata kwenye pochi, fuata maelezo ya pakiti. Lakini nikuambie ukweli: ikiwa huna chochote kati ya hivyo na kiu imekushika kweli kweli, kunywa. Kuhara kunatibika hospitali kama utafika ukiwa hai.

Sasa nikemee kidogo, maana hii ni kazi yangu. Kuna watu wanakwenda porini na shambani wamebeba maji kwenye chupa na vidumu vya viuatilifu vya mikorosho. "Nimeosha na sabuni, bwana shamba." Hakuna sabuni inayotoa sumu iliyoingia kwenye plastiki. Vyombo hivyo vinasuuzwa mara tatu, vinatobolewa, haviguswi tena. Kidumu cha mafuta ya kula kinapatikana dukani kwa bei ndogo, jamani.

Na maji uliyonayo, yanywe. Nimesikia watu wakisema ukipotea unyonye kidogo kidogo ufiche mengine. Wapo watu waliokutwa wamekufa kwa kiu na chupa ina maji. Unachotakiwa kupunguza ni jasho. Kaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, usivue nguo, funika kichwa, usikae moja kwa moja kwenye ardhi ya moto, weka majani chini. Kazi ya kuchimba au kutafuta njia fanya asubuhi na jioni. Mkojo usinywe, una chumvi na utakuongezea kiu. Mtu aliyepatikana amekauka apewe maji taratibu, na kama anaharisha changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta si vya kujaza.

Moto na usiku

Simba si hadithi kwetu. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 hapa Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Matukio mengi yalitokea msimu wa mavuno, watu wakiwa wamelala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Walipo nguruwe wengi na simba wanakuja, na njiani wanakutana na mtu.

Utafiti wao mwingine wa mwaka 2011 ulinigusa zaidi. Walilinganisha mashambulizi na mwezi. Ilionekana hatari ni kubwa zaidi siku zinazofuata baada ya mwezi mpevu, saa za kwanza za usiku. Sababu inaeleweka: mwezi ukishapita mpevu, kila siku unachelewa kuchomoza karibu dakika 50, kwa hiyo jioni inakuwa giza tupu wakati sisi bado tunatembea, tunateka maji, tunarudi shambani. Simba naye amelala njaa zile siku za mwanga. Tangu nisome hilo, ile wiki baada ya mwezi mpevu nakuwa nyumbani kabla ya magharibi. Mke wangu anafikiri nimeokoka upya.

Kwa hiyo usiku ukikukuta, usitembee. Jua likiwa bado juu, tafuta mahali pa kuegemea: mti mkubwa, mwamba, au kichuguu kisicho na mashimo makubwa ya kuingilia, maana humo wanalala ngiri, fisi na nyoka. Usilale kwenye njia ya wanyama wala katikati ya korongo. Kama kuna mawingu upande wa juu, korongo kavu linaweza kujaa usiku wakati kwako haijadondoka hata tone. Kata matawi ya miiba uzungushe. Lundika majani makavu chini, unene wa kiganja hadi kiwiko, kwa sababu ardhi ya Juni na Julai inanyonya joto la mwili usiku kucha.

Kiberiti. Nasema tena, kiberiti. Weka njiti 15 na kipande cha ubavu wa kiberiti ndani ya kichupa kikavu cha dawa, kifunge, kikae kwenye mfuko wa nguo unayovaa porini, siyo kwenye baiskeli. Babu zetu walipekecha moto kwa vijiti viwili na wapo wazee hapa wanaoweza bado. Mimi nimejaribu mara nne, nimepata moshi, malengelenge na kichekesho kwa watoto. Ukitaka kujifunza jifunze sasa ukiwa nyumbani, siyo usiku wa kwanza umepotea.

Kabla ya kuwasha, kwangua majani yote duara la hatua mbili kila upande mpaka udongo uonekane. Kiangazi nyasi zetu ni petroli. Na ukikutwa na moto wa msituni uliowashwa na wengine, usikimbie mbele yake kupanda mlima, moto unapanda kuliko wewe. Nenda pembeni ya upepo, tafuta shamba lililolimwa, mchanga wa korongo, au eneo lililokwisha kuungua.

Nyoka nisiwe mrefu. Koboko, swila na kifutu wote tunao. Aliyeumwa atulie, avue bangili na pete, kiungo kisitikiswe, kifungwe kijiti kama kilichovunjika, apelekwe hospitali haraka kwa kubebwa. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba mpaka mguu ugeuke rangi, na jiwe la nyoka lisikupotezee saa moja ya safari. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, hata robo saa nzima, usisugue. Nyuki wakikushukia, funika uso ukimbie mbali, usijitupe majini, wanakusubiri juu. Upupu ukikushika usijikune; paka tope, liache likauke, lipukutishe na zile nywele zake.

Tembo wameongezeka miaka hii, Liwale, Nachingwea na hata Ruangwa wanaingia mashambani. Ukimwona akiwa mbali rudi ulikotoka, ukiangalia upepo usimpelekee harufu yako. Usimpige picha. Yule mwenye mtoto usimkaribie hata kwa utani.

Chakula

Hapa ndipo wakulima mnanitarajia, kwa hiyo nitasema machache yenye uzito.

Ming'oko ni chakula salama na kizuri, kinapatikana kiangazi chote, kinachemshwa na chumvi, na kwa heshima zote kwa mpunga, kimewavusha watu wa kusini njaa nyingi. Mama alikuwa nayo kapuni na aliyala, aliyachoma kwenye majivu, kwa kuwa alikuwa na njiti zake kwenye fundo la kanga. Shida ni kwamba ming'oko ina ndugu. Kuna viazi vikuu vya porini vyenye sumu, kama ndiga, ambavyo wazee walivila njaa ikikaza baada ya kuvikata vipande vyembamba, kuviloweka kwenye maji yanayotembea siku kadhaa na kuvianika. Aliyepotea hana siku hizo wala maji hayo. Kama hukijui kwa jina, shina, jani na ladha, kiache ardhini.

Vivyo hivyo mihogo ya shamba usilolijua. Kuna mihogo michungu inayopandwa makusudi ili nguruwe na nyani wasiile. Mwaka 1988, wakati wa ukame, hapo Masasi jirani zetu watu walipata sumu kwa kula unga wa muhogo ulioandaliwa kwa haraka, kwa sababu njaa haikuwapa muda wa kuukausha taratibu kama kawaida. Hawa ni watu waliokula muhogo maisha yao yote. Usiutafune mbichi ati kwa kuwa wa kwenu ni mtamu.

Uyoga ndiyo kabisa. Sikuelezi namna ya kuutambua, maana hakuna njia moja. Habari za kuchemsha na kitunguu, au kuangalia kama konokono ameula, hazina ukweli. Wanaojua uyoga walifundishwa na mama zao aina kwa aina.

Kinachobaki ni matunda tunayoyajua wote: mabuyu, ukwaju, kunazi, mabungo, embe ng'ong'o, na kuanzia mwishoni mwa Agosti mabibo kwenye mikorosho. Mabibo yana maji mengi, lakini korosho mbichi usiing'ate, ganda lake lina mafuta yanayounguza midomo. Kumwona nyani anakula tunda si cheti, tumbo lake si lako.

Kuna na asali. Wengi wanaopotea kwetu ni warina asali, na wazee wanasema anayewapoteza ni yule ndege anayeita watu kwenye mizinga. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, watafiti waliwafuata warina asali wa Kiyao na kuthibitisha kwamba ndege huyo anauelewa mlio maalumu wanaomwitia. Ni ushirikiano wa ajabu, ndege anapata nta na mtu anapata asali. Lakini mkataba wake unaishia kwenye mzinga. Kurudi nyumbani hakumhusu. Anayemfuata macho yako juu, hajui amekata kona ngapi. Mzee mmoja mrina alinionyesha dawa yake: kila akikata kona anachanja gome la mti upande wa nyuma, ule atakaouona wakati wa kurudi. Mimi siku zote ningechanja upande wa mbele.

Kuonekana

Mama alifunga kanga nyekundu juu kabisa kadiri alivyoweza kuufikisha mti wake, akachagua kona ya korongo kwa sababu kuna uwazi. Mchana aliweka majani mabichi kwenye moto ili utoe moshi mzito. Usiku aligonga jembe kwa jiwe: mara tatu, anapumzika, mara tatu. Vitu vitatu vitatu vinajulikana duniani kote kuwa ni kuomba msaada, na jembe linasikika mbali kuliko koo lililokauka. Sisi tulikuwa tunapiga kelele muda wote bila kunyamaza kusikiliza, ndiyo maana hatukumsikia siku ya pili. Makosa yalikuwa yetu.

Simu: ukipotea, usipige piga hovyo mpaka chaji iishe. Panda kichuguu au kilima, tuma ujumbe mfupi, maana unapita hata mtandao ukiwa dhaifu, useme uliingilia wapi, ulielekea wapi, nini unakiona. Halafu izime, uiwashe kila baada ya saa kadhaa kwa wakati uliosema. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114. Mwenye kitochi hapa anamshinda mwenye simu kubwa, chaji yake inakaa.

Kutafuta upande, chomeka kijiti kilichonyooka sehemu tambarare, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Lakini upande haukusaidii kama hukujua kabla ya kuingia kwamba barabara au kijiji kiko upande gani wa pori. Jiulize hilo kila siku unapoingia. Na ushauri wa kufuata korongo kwenda chini upokee kwa uangalifu: mengi ya kwetu yanaishia bonde la Mbwemkuru, na huko kuna sehemu utatembea sana bila kuona nyumba. Waingereza walikuja Nachingwea na matrekta kwenye ule mpango wa karanga ulioanza 1947, wakajenga mpaka reli ya kwenda Mtwara, na 1951 mpango ukaachwa. Pori hili limewashinda wenye vyuma.

Masika habari ni nyingine. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 4, 2024, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Kilwa na tukakaa siku kadhaa bila magari kupita. Mto uliojaa usiuvuke. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima, na maji ya tope hayakuonyeshi kama daraja bado lipo chini yake.

Sasa tumekubaliana na wenyeviti wa vitongoji mambo machache. Anayekwenda porini aseme kwa mtu mmoja anaingilia wapi na atarudi saa ngapi. Akichelewa mpaka magharibi, anayebaki asione aibu kupiga yowe. Wanaotafuta wagonge debe mara tatu, kisha wote wanyamaze kwa hesabu ya mia moja wasikilize. Na ukipatwa na mnyama, shamba au mtu, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla alama hazijafutika, maana bila taarifa hata kifuta jasho hakifuatiliki.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tunakutana uwanja wa ofisi ya kijiji. Mama amekubali kuja kuonyesha namna ya kuchimba maji kwenye mchanga, ingawa amesema hatafundisha watu waliokaa kwenye viti, tutakwenda naye korongoni. Njoo na jembe, kiberiti na kidumu ambacho hakijawahi kuwekwa dawa. Ubwiri unga tutauongelea wiki inayofuata, na wenye mikorosho iliyoanza kutoa maua msisubiri makala, njooni ofisini.